Zimwi Lililoulizia Adui

Sogeeni, mikono mapajani, maana hadithi hii ina meno.

Watu wa mji mmoja walichoka na wazee wao, wakalipigia kura zimwi lililosema, "Mimi ndiye sauti yenu." Zimwi hilo lilikuwa na mwiko: kutomwacha bila kumla yeyote anayenyooshewa kidole.

"Nani adui yenu?"

"Wazee!" Likawatafuna, damu ikatapakaa, vigelegele vikapigwa.

"Nani adui yenu?"

"Wageni!" Likawatafuna.

"Nani adui yenu?"

Majirani wakaanza kunyoosheana vidole. Ndipo mjane Mwanamkasi akalinyooshea kidole zimwi lenyewe. Mwiko ni mwiko: likajitafuna miguu, likajitafuna tumbo, likabaki domo tu vumbini.

Domo likauliza, "Nani adui yenu?"

Watu wakatazamana. Kisha vidole vyote vikamwelekea Mwanamkasi.

Hadithi imeishia hapo. Na wewe, shusha mkono.