Kigari Kilichofika Kabla ya Salamu

Wapendwa, kabla hatujafungua Neno, nataka mnisikilize kidogo. Na nyie wa nyuma mnaochungulia saa, nawaona. Wekeni simu chini, maana habari ya leo inawahusu nyie hasa.

Kulikuwa na kijana mmoja, dereva katika hospitali kubwa huko milimani. Hakuendesha ambulensi. Aliendesha kigari cha umeme, kile kidogo kisicho na milango ambacho wenye pesa hupanda wakicheza gofu. Wafadhili walikileta kipandishe wagonjwa kutoka getini hadi kliniki, kwa sababu pale pana kilima na wazee walikuwa wanakata pumzi njiani. Kilikwenda taratibu, jamani! Kuku alikatiza mbele yake bila wasiwasi wowote. Vijana wa getini walimcheka, "Dereva, shuka ukisukume!"

Sasa kijana huyu alikuwa na jambo lililomla moyo. Alipooa, baba yake hakumtaka yule mke. Wakagombana, na mzee kwa hasira akasimama mbele ya ukoo akasema, "Siku nikifa, wewe usishike udongo wa kaburi langu." Mnajua uzito wa neno kama hilo. Kwao, aliyelitamka ndiye anayeliondoa, kwa mdomo wake, na mtoto akiwa anasikia. Mtoto haendi kudai. Anangoja. Kijana akangoja miaka, hana raha.

Mzee akaanza kuugua moyo, akapangiwa kliniki kila wiki, hospitali ile ile. Siku ya kwanza alipanda kigari akatazama pembeni. Kijana akasema, "Shikamoo, baba." Kimya mpaka juu. Wiki iliyofuata mzee akaitikia, "Marahaba." Kijana nusura agonge ukuta kwa furaha! Wiki nyingine akauliza habari za nyumbani. Nyingine tena akauliza wajukuu, akaulizia migomba, akaulizia mvua. Mnawajua wazee wetu. Mzee hakurupuki na neno zito. Atakusalimu kwanza, salamu zote, kwa mpangilio wake, ndipo neno lenyewe lije. Na kile kilima, na ule mwendo wa kutambaa, vilimpa nafasi.

Siku moja salamu zikaisha wakiwa bado njiani, wanapita jengo la kufulia. Mzee akavua kofia. "Mwanangu," akasema. Kikohozi kikambana, na alipopata pumzi walikuwa wameshafika, muuguzi amemshika mkono.

Kijana akarudi nyumbani analia huku anacheka. "Mke wangu, leo ameniita mwanangu!"

"Basi bado kidogo tu," mke akamwambia. "Atalisema."

Lakini kile kikohozi kilimkaa rohoni. Akawaza, baba yangu anaumia juani, amekaa kwenye kitu kinachotambaa. Nimfanyie nini ajue kwamba nampenda? Akamwita fundi wa bajaji. Fundi akafungua chini ya kiti, akaondoa kile kifaa kinachobana mwendo, akaongeza betri. Ee, kigari kikawa kinapaa! Vijana wa getini wakapiga makofi. Daktari mwenyewe akamsifu.

Siku ya kliniki mzee akaja. Kijana, meno yote nje, akamwambia, "Baba, leo utaona." Wakaondoka. Mzee akashika chuma kwa mikono miwili. Akiuliza habari za nyumbani, upepo unachukua, anauliza tena. Walipofika juu ndiyo kwanza yuko kwenye habari za wajukuu.

"Umeonaje, baba?"

"Kina mbio," mzee akasema. Akashuka, akasimama kidogo, akageuka kama mtu anayetaka kurudi kukaa. Lakini kijana alikuwa ameshageuza kigari, getini kuna foleni.

Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata pia. Baada ya hapo mzee hakuja tena. Alfajiri moja alifariki, kitandani kwake.

Msibani mama akamvuta kijana pembeni. "Baba yako alikuambia?"

"Kuniambia nini, mama?"

Mama akashika kichwa. "Kila akienda kliniki aliniaga, leo namwondolea mtoto lile neno. Akirudi namuuliza, umemwambia? Ananijibu, tumefika kabla hatujamaliza kusalimiana. Mtoto ana kazi, nitamwambia wiki ijayo."

Kaburini kijana akainama achukue udongo. Baba yake mdogo akamshika mkono, naye machozi yanamtoka. "Mwanangu, mama yako ametusimulia na sisi, tumemsikia. Lakini wewe, ulimsikia baba yako akiliondoa?"

Kijana akainuka. Akasimama pembeni, mikono mitupu, watu wa mbali wakamzikia baba yake.

Haya niambieni, alikosa nini? Alimpenda baba yake. Kigari alikiongezea mbio kwa ajili yake! Hilo ndilo linaloniuma, wapendwa. Na mpaka leo wagonjwa wanamsifu, wanasema kijana huyu hacheleweshi mtu.

Ndio sisi hao. Mama anapiga simu, anaanza na habari za mvua, sisi tunamkatisha: "Mama, sema shida, niko kazini." Tunamtumia hela, tunaona tumempenda. Mume anazunguka na maneno mezani, tunamwambia fupisha. Ulijua alikuwa anaelekea wapi? Hata Mungu tunamfanyia hivyo. Tunamwaga maombi yetu mbio mbio, tunasema Amina, tunaondoka, Yeye hata hajafungua kinywa. Halafu tunalalamika kwamba Mungu amenyamaza!

Kuna mtu wiki hii anakuulizia habari za watoto, anakuulizia habari za kazi, na wewe unaona anakupotezea muda. Kumbe amebeba neno la kukufungua, na analitafutia njia. Amebakiwa na pumzi kiasi gani? Wewe hujui. Mimi sijui. Yeye mwenyewe hajui.

Kwa hiyo leo ibada ikiisha, anayetaka kunipa mkono mlangoni huku anakimbia, asinipe. Aende kwake, avute kiti, akae na mtu huyo, na asinyanyuke mpaka mwenzake amalize.