Barua Mbili za Mama Miguu

Baina ya mkono wa mhunzi na moto wake hakuna kitu ila koleo. Siku koleo likivunjika, yupo mhunzi atakayezima moto akaenda zake kulala, na yupo atakayekinyakua chuma kwa vidole kwa kuona kazi itamlalia. Wa kwanza amepoteza kazi, wa pili atapoteza mkono. Mhunzi wa kweli hukiacha chuma kikae, akatoka kutafuta koleo jingine, hata kama kutafuta huko kutamlia miezi. Haya yalidhihirika katika karakana moja ambayo, tena, haikuwa ya uhunzi.

Katika mtaa wa mafundi, kati ya duka la vioo na kiwanda kidogo cha magodoro, palikuwa na karakana ya miguu ya bandia. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara akageuka na mbwa wake. Watu walimwita Mama Miguu, naye hakukasirika; alisema wapo wanaoitwa kwa mabaya zaidi. Rafu za karakana zilijaa kalibu za plasta, kila moja imeandikwa jina la mwenye kigutu chake, na vumbi jeupe kama unga lilitua kila mahali, hata kwenye nyusi za watu.

Miaka mitatu kabla ya mkasa huu, aliingia pale binti mmoja kutoka nchi ya mbali. Alikuwa amekuja nchini kusomea utaalamu wa viungo bandia, akahitimu, akapewa kibali cha kazi cha miaka mitatu ambacho hakiongezwi hata siku moja. Mama Miguu alimpokea shingo upande, maana wahitimu aliowahi kuwaona walijua kushika kalamu kuliko tupa. Siku ya kwanza binti akapima kigutu cha mgonjwa, akapima tena, akamwomba mgonjwa asimame kidogo, akapima mara ya tatu. Mama Miguu akamuuliza kama anapima mguu au kiwanja cha kujengea nyumba. Wakacheka, na kuanzia siku hiyo binti akaitwa Sentimita.

Ulipofika mwaka wa pili, wagonjwa walikuwa wakifika mlangoni na kumuulizia yeye. Mama Miguu hakuona kijicho. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia na mkono wa kulia kutetemeka kama jani, akashukuru kwamba Mungu amemletea mkono mwingine kabla ya kuuchukua wake.

Mwaka wa tatu Sentimita ilimpasa aombe ukaazi wa kudumu kabla kibali hakijaisha. Sheria ilitaka vyeti vyake, na ilitaka pia barua ya mwajiri inayoeleza kazi anayoifanya. Mama Miguu alishika kalamu kama mtu anayekwenda vitani. Kwa fikira zake ofisi ya uhamiaji ilikuwa kama wakwe, na wakwe huwezi kuwapelekea mwari ukawaambia anajua jambo moja tu. Basi akaandika kwamba binti huyu ndiye wa kwanza kufungua mlango, hufagia plasta, hupokea wageni, huchemsha chai, hubembeleza watoto wanaolia, hupeleka vifurushi posta, na juu ya yote hayo hutengeneza miguu. Miguu iliingia mstari wa mwisho, kwa kuwa hiyo aliona inajulikana na kila mtu.

Sentimita aliomba aisome. Mama Miguu akalamba gundi ya bahasha na kuifunga mbele yake, akasema mtu mwenye adabu hasomi sifa zake mwenyewe. Binti akacheka, akaipokea kwa mikono miwili, akaenda kuiwasilisha. Yeye aliyepima kila kitu mara tatu, barua ile hakuipima hata mara moja. Heshima ilimziba macho.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano. Ofisi ilisema kwamba, kwa maelezo ya mwajiri mwenyewe, mwombaji ni msaidizi wa kazi ndogondogo, na kazi hizo hazihitaji mtaalamu kutoka nje. Ombi limekataliwa. Akitaka liangaliwe upya, aandike ndani ya siku thelathini. Lakini kibali chake kilikuwa kimebakiza siku tisa, na kikishakwisha haruhusiwi kufanya kazi yoyote, yenye malipo au isiyo na malipo, mpaka uamuzi utoke.

Mama Miguu aliisoma akiwa na miwani, kisha akaivua miwani akaisoma tena, kana kwamba miwani ndiyo iliyokuwa ikisema uongo. Halafu akaketi kwenye benchi la wagonjwa, mahali ambapo hakuwahi kuketi tangu afungue karakana.

"Nimekuchimbia kaburi kwa sifa, mwanangu," alisema.

Sentimita aliinuka. Alitoka uani, akasimama kati ya magunia ya plasta akiutazama ukuta, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaketi kando yake.

"Hukuandika uongo hata neno moja, mama. Ila umeandika kila kitu, mguu ukautupa mstari wa mwisho."

Mama Miguu alitaka siku ileile waandike kwamba barua ya kwanza ilikuwa makosa, kwamba binti hajawahi kushika ufagio maishani mwake. Sentimita akakataa. Alisema alifagia, na iandikwe kwamba alifagia, dakika kumi na tano kila jioni. Kisha yaandikwe aliyoyafanya saa nyingine zote za siku. Wakakaa jioni nne. Waliandika nani huchukua umbo la kigutu kwa plasta, nani huchonga kalibu, nani huipasha plastiki mpaka ilainike, nani hutengeneza kikombe ambamo kigutu huingia, nani humtembeza mgonjwa na kuukwaruza mguu mpaka usimuume. Kila hatua na mwenye kuifanya, kila hatua na muda wake. Safari hii Sentimita aliisoma barua mara tatu, akafuta maneno mawili tu: "hodari kupindukia". Mama Miguu alinung'unika kwamba hata hayo mawili amenyimwa. Kesho yake binti akaipeleka ofisini pamoja na ombi la kuangaliwa upya.

Siku ya tisa binti alifunika meza yake kwa shuka, akatundika aproni, akaaga kwa sauti ya mtu anayekwenda kuoga na kurudi. Mama Miguu aligeuka akajifanya anatafuta bisibisi.

Kazi haikujua kwamba kuna kibali kilichokwisha. Kalibu zilirundikana. Mwoka mikate wa mtaa wa pili, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa ajali, alikuwa amekwisha kupimwa na Sentimita, akabaki kwenye magongo akingoja. Kila siku tanuri lake liliwashwa na shemeji yake, na kila siku mikate iliungua upande mmoja. Wiki ya pili Mama Miguu alipanda ngazi za nyumba alimopanga Sentimita, akiwa amebeba sufuria ya chakula. Binti alikuwa amekataa mshahara wa kazi asiyoifanya, lakini chakula alipokea, kwa sababu Mama Miguu alimwambia hakuna sheria duniani iliyomkataza mtu kula.

Alipoona binti ameshiba, akatoa lililomleta. Chumba cha nyuma cha karakana kina mlango na pazia. Aje saa mbili tatu tu kwa siku, amalize mguu wa mwoka mikate. Nani ataona?

"Nitaona mimi," alisema Sentimita. "Na siku wakituuliza, itabidi mimi na wewe tukumbuke uongo mmoja kwa maneno yaleyale. Mimi siwezi, mama. Na wewe hata jina la mgonjwa wa jana hulikumbuki."

Mama Miguu alicheka bila kupenda, akashuka ngazi na sufuria tupu.

Akakuta kumbe si yeye peke yake anayemvuta binti. Siku nyingine alimkuta akizungumza kwa simu, kipaza sauti kimewashwa, na kaka yake wa nyumbani. Kaka alikuwa akimsihi arudi, akimwambia kung'ang'ania nako kuna mwisho, na kwamba mwanamke mwenye elimu hafi njaa kwao. Alipoona dada hatikisiki, akageuza maneno: basi yupo mtu anayeujua mlango wa nyuma wa ofisi zile. Sentimita akamjibu kwa upole kwamba akifukuzwa atatoka mchana, na begi lake, kwa mlango wa mbele. Na akikubaliwa ataingia kwa mlango huohuo. Mama Miguu alisimama nje na sufuria mpaka chakula kikapoa. Alizaa watoto watatu, wote wazima na wana akili, lakini hakumkumbuka hata mmoja ambaye angelisema hivyo bila ya yeye kumfundisha.

Mwisho Mama Miguu mwenyewe akautengeneza mguu wa mwoka mikate, kwa mkono wake wa kutetemeka. Ulimwingia. Ulimsimamisha. Lakini kila alipotembea ulimng'ata, akawa anachechemea kama bata mwenye kiburi. Siku moja akaingia karakana uso umemvimba kwa hasira. Alikuwa amekutana na Sentimita mbele ya posta. Akapandisha suruali palepale kwenye njia ya watu, akamwomba aguse tu, aseme kasoro iko wapi. Binti akapeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akaukamata mmoja kwa mwingine kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Akamwambia arudi kwa Mama Miguu, aweke kidole chake mwenyewe pale panapouma. Hakusema zaidi.

"Na anajua," alisema mwoka mikate. "Nilimwona machoni, anajua kabisa. Yule amekuwa jiwe."

"Alikuwaje ulipoondoka?" aliuliza Mama Miguu.

Mwoka mikate akasita. Alikiri kwamba alipogeuka nyuma, alimwona binti bado amesimama palepale, anajifuta machozi kwa mkono wa blauzi.

"Basi si jiwe," alisema Mama Miguu. "Vua mguu. Weka kidole."

Akaukwaruza pale alipoonyeshwa. Ukapunguza kung'ata, haukuacha.

Mwezi wa nne tangu kibali kiishe, bila hodi wala taarifa, akaingia mwanamke mwembamba mwenye viatu vya chini na faili kwapani. Alikuwa afisa wa uhamiaji. Aliomba kuonyeshwa meza ya mwombaji. Akafunua shuka, akapitisha kidole juu ya jiliwa la kubania kazi, kidole kikarudi cheupe. Akazifungua droo moja moja. Kisha akatoa barua mbili, akazilaza juu ya meza sambamba, akamuuliza Mama Miguu ni ipi kati ya hizo iliyo ya uongo.

Mama Miguu akazitazama barua zote mbili. Alijua kwamba neno moja likikaa upande, binti atafunga begi. Alitamani kusema ile ya kwanza iliandikwa na mtu mwingine. Lilikuwa jambo jepesi, na hakuwepo wa kumbishia. Akamkumbuka binti akisema alifagia, na iandikwe hivyo.

"Zote za kweli, bibi afisa," alisema. "Ya kwanza niliandika ninavyompenda. Ya pili tuliandika anavyofanya kazi. Sikujua kama ninyi mnataka moja tu."

Afisa hakucheka. Akauliza, tangu kibali kiishe, miguu hii inatengenezwa na nani. Kabla Mama Miguu hajajibu, mwoka mikate akadakia kutoka kwenye benchi, maana siku hiyo alikuwa amekuja tena na kidole chake.

"Huu nilionao ameutengeneza mama. Ndiyo maana unaniona nimekaa."

Na kwa kuwa alikuwa bado na kinyongo, akamalizia mashtaka yake yote. Akasimulia ya mbele ya posta, suruali ilivyopanda, na yule binti mkaidi alivyofunga mikono nyuma akakataa hata kumgusa. Kama ofisi ina nguvu, alisema, imuonye, maana roho yake ni ngumu. Afisa aliacha kugeuza karatasi. Akamuuliza ilikuwa lini. Mwoka mikate akataja siku na saa, na rangi ya blauzi pia. Afisa akaandika kwa muda mrefu. Mama Miguu akamtazama mwoka mikate kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama zawadi.

Wiki sita zilipita kabla ya jibu. Asubuhi moja Mama Miguu alifika na kuukuta mlango wa karakana uko wazi. Ndani, Sentimita alikuwa amevaa aproni, amekunja mikono, anapangusa vumbi la miezi kwenye jiliwa lake. Karatasi ya ofisi ilikuwa juu ya meza. Ilisema kwamba mwombaji ni mtaalamu, kwamba amekuwa mkweli katika maelezo na katika kungoja, na kwamba amepewa ukaazi wa kudumu. Mwoka mikate alikuwa tayari kwenye benchi. Wasiwasi ulikuwa umemwamsha kabla ya mikate yake.

Sentimita akapiga magoti mbele yake, akauvua mguu, akapima kigutu. Akapima tena. Akamwomba asimame kidogo, akapima mara ya tatu, na mwoka mikate hakudiriki kutania. Mama Miguu alisimama dirishani, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, anasoma karatasi ile kana kwamba ni ndefu.

"Mama," alisema binti bila kuinua kichwa, "sogea kidogo, unaniziba mwanga."

Akasogea. Kufika adhuhuri, mwoka mikate alitoka mlangoni akiwa ameyashika magongo mkononi, akavuka barabara, akafika upande wa pili, akageuka na kurudi tena kwa sababu tu aliweza. Akamwomba binti msamaha kwa kumwita jiwe, naye Sentimita akamwambia samahani yake aitoe kwa mkate usioungua.

Miezi yote ile moto wa Sentimita haukuzimwa, wala hakuna aliyemwona akishika chuma kwa vidole. Alisimama, akatafuta, akangoja, mpaka koleo jingine likaja mkononi mwake kwa haki. Ama kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.