Zulia la Bi Mwanahawa

Mmesikia ya Bi Mwanahawa wa Pangani? Alikwenda Fes, mji wa kale wa Moroko wenye kuta, kutembea na mabinti zake. Mwongozaji wao, Idrisi, aliwazungusha vichochoroni mpaka wakapotea kabisa, kisha akawaingiza dukani kwake.

"Msiponunua zulia, siwaonyeshi njia ya kutoka."

Mabinti wakaanza kulia.

"Nyamazeni!" akasema Bi Mwanahawa. "Mwanangu, lile kubwa limenikaa moyoni. Ila humu mna giza, na macho yenyewe ya kizee. Nikalitazame juani, nje ya ukuta."

Idrisi alilibeba begani, akatangulia mbio, jasho likimchuruzika. Nje ya lango akalitandika.

Bi Mwanahawa alilizunguka, akalipapasa, kisha akaita teksi.

"Zulia zuri, mashallah. Lakini mimi, mwanangu, nilikuwa natafuta lango."