Kuchakulo na Ngumi za Nyani

"Mbona mwezi una mikia mitatu?"

Nyani aliuliza hivyo jioni moja, na wanyama wote wakatazama chini. Nani amwambie mwenye meno yale kwamba mwezi hauna mkia?

Wenzangu, mmekaa?

Tumekaa!

Nilete, nisilete?

Lete tuisikie!

Basi palikuwa na Nyani, na mkuyu mmoja mkubwa. Makuyu yakiiva, anakula Nyani. Yakianguka, anakula Nyani. Wengine wananusa tu. Tena alikuwa na tabia moja: macho yakimwasha, anayafikicha. Akiamka, fiki fiki fiki! Akishiba, fiki fiki fiki! Akikasirika, kwa ngumi zote mbili, fiki fiki fiki!

Siku moja akanyoosha mkono kuchuma kuyu, akamchuma Tukutu, mtoto wa Kuchakulo, yule kindi mdogo mwenye mkia kama ufagio. Tukutu alishafika mdomoni mwa Nyani, ndipo mama yake akapiga kelele: "Bwana Mkubwa! Kuyu gani lina mkia?"

"Siku hizi kila kitu kina mkia!" Nyani akafoka. Lakini akamtema, ptuu!

Pelele, yule pimbi wa mitini, jirani yao, akanong'ona: "Mwache afikiche, shoga. Akipofuka kabisa tutapumua."

"Unaongea nini wewe? Sasa anaona vibaya, anatema. Akipofuka atatafuna kwanza, atauliza baadaye. Leo wangu, kesho wako. Una hoja nyingine?"

Pelele akamvuta mwanawe karibu.

Kuchakulo akamwendea Nyani. "Bwana Mkubwa, nakuomba usifikiche. Mbele ya jicho pana kioo laini, cha duara. Ukikisugua kila siku kinaweza kukonda, kikachongoka kama ncha ya yai. Ndipo kitu kimoja kinaota vivuli."

"Jicho la nani?"

"Lako, Bwana."

"Ngumi ya nani?"

"Yako, Bwana."

"Basi nenda zako!" Fiki fiki fiki!

Haya. Mtu akiambiwa kwa adabu hasikii, mlitaka Kuchakulo afanyeje? Apige magoti?

Akatafuta vibuyu viwili vyenye midomo myembamba, akavifunga kwenye mzizi wa mkuyu, akatia kokoto ndani na kupaka asali juu. "Bwana Mkubwa, humu mna makuyu ya kifalme. Bado magumu, yanaivishwa na joto la kiganja. Ila ukiachia tu, ni ya Pelele."

"Ya Pelele? Thubutu!" Mkono wa kulia, vup! Mkono wa kushoto, vup! Ngumi zikajaa, vibuyu vikabana.

Punde macho yakaanza kuwasha. "Kuchakulo, nifikiche!"

"Achia, ufikiche mwenyewe."

"Pelele yupo?"

"Yupo, anameza mate."

"Siachii!"

Akalia, akatukana ukoo mzima wa kindi. Kuchakulo akamwagia macho maji baridi, chwaa! Yakawasha tena, chwaa! Akawa anamlisha makuyu mdomoni, na wengine nao wakala mpaka wakacheua. Siku zikapita. Muwasho ukachoka, wekundu ukaondoka, machozi yakakauka.

Asubuhi moja Tukutu akakatiza mbele ya pua ya Nyani. Kuchakulo akaruka kumfuata. Nyani akamtazama, akakunja uso, akainamisha kichwa.

"Huyu ana masikio," akasema. "Mtoeni hapa, atakanyagwa."

Mama mtu akakaa chini, pu! Akampakata mwanawe, akacheka kwa furaha.

Jicho lililochongoka halikurudi kuwa duara. Ila halikuendelea kuchongoka, na hapo pori zima lilipumua. Nyani alipochoka kungoja, akaachia, akachungulia vibuyuni na kuona kokoto tupu, alinguruma majani yakapukutika. Mikono ikapanda kuelekea usoni. Ikasita. Ikashuka, ikakuna tumbo.

Ngano nimeitua, mwenye nguvu aibebe. Funzo lake: kuweni waroho! Mroho akishika hata kokoto haachii, na asiyeachia hafikichi. Msinitazame hivyo. Funzo la busara Kuchakulo alilitoa mapema, bure, kwa heshima zote, akafukuzwa. Na nyie mnaosema "ni vumbi tu, litatoka", mnamfukuza kila siku.

Wewe uliyenisikiliza, nakuomba kitu kimoja: mtoto wako akiwa anafikicha macho kila mara, mshike mkono taratibu, kisha mpeleke akapimwe macho.