Mchuaji wa Hamamu na Ngumi ya Sultani

Katika mji wa Jauharia, uliojengwa juu ya chemchemi za maji ya moto, alitawala Sultani Ghalibu bin Mundhiri, shujaa aliyepigana vita vingi na kuvishinda, na bendera zake zikapepea juu ya kila ngome, na washairi wakamsifu hata maneno ya sifa yakawaishia. Lakini mwenyewe hakupata raha hata ya kukaa kitako. Mabega yalimkakamaa, shingo haikugeuka ila kwa kiwiliwili chote, na mkono wake wa kuume ulifumba ngumi isiyofumbuka, ikawa hulishwa tonge kama mtoto mdogo. Wakaja waganga na mafusho yao, wakaja matabibu na vitabu vyao, na wote wakaondoka kama walivyokuja.

Na katika hamamu ya sokoni, nyumba ya watu kuoga na kuchuliwa, alikuwako mchuaji aitwaye Badrani bin Masudi. Baba yake alikuwa mchuaji, na babu yake vilevile, na yeye aliujua mgongo wa mtu kama kadhi ajuavyo sheria. Alikuwa akimgusa mpagazi, akamwambia, "Jana ulibebea bega la kushoto," na mpagazi akaapa kuwa ndivyo. Alikuwa fukara wa mali, lakini hakuwa fukara wa nafsi. Watu wa kasri walipompita njiani na kunong'onezana, "Huyo mchua migongo," yeye aliinua kichwa akaitika, "Naam, ndiye," kana kwamba ameitwa amiri jeshi.

Sultani alikuwa na binti mmoja, Durra, naye ndiye aliyekuwa akimlisha baba yake kwa mkono wake. Siku moja akamwambia, "Baba, umewaita wote wanaojua vitabu. Sasa mwendee anayejua miili." Na asubuhi ya Alhamisi Sultani akashuka sokoni, taji kichwani na upanga kiunoni, na Waziri Mughira mbele yake akisukuma watu.

Badrani akatoka, akapiga magoti, akasalimu kwa taadhima zote. Kisha akasimama katikati ya mlango.

"Maulana, karibu. Lakini taji na upanga vibaki hapa nje, pamoja na askari."

Waziri akafoka, "Ewe mchua migongo! Wajua unasema na nani?"

"Najua, Mheshimiwa Waziri. Nasema na mgonjwa. Ndani humu mna maji, mvuke na mikono yangu, navyo havijui taji. Akiingia nalo nitakuwa nachua taji, na maumivu yake atarudi nayo kasrini."

Waziri akachomoa upanga, akamwekea shingoni. Badrani mlango hakuuacha.

"Mwache," akasema Sultani. "Miaka saba sasa kila anayesema nami huitazama ngumi yangu. Huyu amenitazama usoni." Akavua taji mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akafungua na upanga, akampa Waziri avishike, naye akaingia.

Badrani akamlaza juu ya marumaru yenye moto, akammiminia maji kata kwa kata, akamsugua kwa dodoki na sabuni ya karafuu hata uchovu ukamtoka kama taka, kisha akampaka mafuta ya ufuta yenye waridi na kuanza kazi. Hakuwa na haraka. Alikitafuta kila kifundo kwa kidole gumba, akakikalia kimya mpaka kikalegea chenyewe, na jasho likamtoka Sultani, na pumzi yake ikawa ndefu. Ndipo Sultani akasema kwa sauti ndogo ambayo baraza lake halijapata kuisikia:

"Mchuaji, ndani ya ngumi hii mna pete. Mwenye kuifumbata ndiye bwana wa jini Harkushi, na jini huyo ndiye aliyenishindia vita, na kila siku huushikilia ukuta wa mji usivunjwe. Nikiiachia tu, yeye ataponyoka, na maadui watarudi. Sijaiachia tangu siku ya kwanza."

Badrani akaipokea ngumi ile viganjani mwake. "Maulana, siwezi kuifumbua kwa nguvu, kwa kuwa kidole cha kulazimishwa huvunjika. Nitaichua tu, kisha itaamua yenyewe."

Akaanza kwenye kiwiko, akashuka kwenye kifundo cha mkono, akaingia baina ya vidole, na Sultani akasinzia, akakoroma. Na ngumi ikafumbuka. Pete ikadondoka, ikabingirika juu ya marumaru, ikasimama miguuni pa Badrani.

Mara mvuke ukakusanyika, ukawa jini mwenye macho ya makaa, kichwa chake kikigusa kuba. "Nimefungwa miaka saba!" akanguruma. "Leo nitauponda mji huu, na nitaanza na huyu anayekoroma!"

Badrani akaitazama pete. Ilikuwa karibu, na ilitosha kuinama na kuifumbata ili awe bwana wa jini, na wa mji, na wa Waziri aliyeko nje na upanga wake. Akaviangalia vidole vyake, vidole vya babu yake, akasema moyoni, "Mikono hii kazi yake ni kufungua." Kisha akaisukuma pete kwa mguu, ikatumbukia katika shimo la chemchemi inapochemka, ikayeyuka kama chumvi.

Jini akaduwaa. "Umefanya nini, ewe mwanadamu?"

"Nimemaliza mambo ya pete. Sasa geuka, bwana wangu, nikuone. Loo! Mgongo huu haujapumzika tangu lini? Lala hapo."

"Hakuna aliyepata kuniambia neno hilo," akasema Harkushi, na sauti yake ikapungua. Akajikunja hata akaenea juu ya jiwe, akalala kifudifudi. Mgongo wake ulikuwa moto mtupu, na Badrani alipoweka viganja vikaungua, ngozi ikatoka malengelenge. Akachovya mikono katika maji baridi, akarudi, akachovya, akarudi, na kazi ya babu zake hakuifupisha hata kidogo. Hata adhuhuri ilipoadhiniwa, jini yule alikuwa akilia kama mtu aliyefika kwao.

Sultani akazinduka, akauona mkono wake mtupu, akapiga ukelele. "Maadui!"

"Maadui gani?" akasema Harkushi. "Walikwisha kwenda zao huu mwaka wa tatu, wanalima mtama. Wewe peke yako ndiye uliyebaki vitani."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa ukiniamuru tu."

Sultani akainamisha kichwa, akamwomba radhi jini wake mbele ya mchuaji, na jini akamsamehe, akajichagulia kukaa chini ya hamamu na kuyapasha maji moto kwa hiari yake. Kisha Sultani akamwambia Badrani, "Omba utakalo. Nakupa uwaziri."

"Maulana, waziri hufanywa kwa siku moja. Mchuaji hufanywa kwa vizazi vitatu. Niache katika kazi yangu, na hamamu hii iwe wakfu, aingie mpagazi kama aingiavyo amiri, bila malipo."

Binti Durra aliposikia hayo, na alipoviona viganja vile vilivyofungwa vitambaa, akamwambia baba yake kuwa, akiulizwa yeye, huyo ndiye mume. Akaulizwa, naye akajibu vivyo hivyo mbele ya kadhi.

Siku ya harusi wakaja mabalozi wa nchi saba, na Waziri Mughira, kwa kuona haya, akamnong'oneza mpiga mbiu, "Mtaje kuwa ni Amiri Badrani." Bwana harusi akamsikia. Akamshika mpiga mbiu bega, akamwambia neno, na mpiga mbiu akapaza sauti hata ikavuka uwanja:

"Anaingia Badrani bin Masudi bin Faraji, mchuaji wa hamamu ya sokoni!"

Mabalozi wakatazamana. Kisha wapagazi wote walioko nyuma ya uwanja wakapiga kelele za shangwe, na mama yake Badrani akapiga kigelegele kirefu, na Sultani Ghalibu akainuka kitini, mbele ya mabalozi wote, akampigia mkwewe makofi kwa mikono yake miwili.

Wakakaa kwa heri na wasaa, wakazaa, wakajukuu. Nawe uliyenisikiliza, jua kuwa kazi ya halali haimdhili mwenyewe, na anayeijua yake barabara hana haja ya kuazima jina la mtu.