Mafundi Watatu na Moto wa Enelika

Sogeeni. Na anayejiita fundi humu akae mbele, nimwone macho.

Huko Njombe, kwenye baridi ya kuingia mifupani, walikuwapo mafundi watatu wenye midomo mikubwa kuliko mikoba yao ya spana. Ngailo alikuwa na sikio: aliegesha bisibisi kwenye mashine, sikio kwenye mpini, akakwambia inaumwa nini. Luvanda alikuwa na jicho: mshale wa geji ukitikisika kidogo tu, ameuona. Kilasi alikuwa na vidole: alishika chuma akajua kilicholegea ndani. Vipaji walipewa, sikatai. Kuona haya ndiko hawakupewa.

Enelika, mjane, alikuwa akilea vifaranga elfu moja wa kikundi cha akina mama. Banda lilipashwa joto kwa mashine ya dizeli: pampu huvuta mafuta kutoka kwenye pipa, huyasukuma kwa nguvu, yanatoka kama ukungu na kuwaka. Asubuhi moja moto ukakohoa, ukatoa moshi mweusi, ukazimika. Geji ya presha ya mafuta ilisoma tatu, nayo ilitakiwa isome kumi. Vifaranga wakarundikana pembeni kwa baridi, wa chini wakikosa pumzi.

Enelika akawaita wote watatu. "Atakayeufufua moto huu nitamkabidhi ufunguo wa chumba cha mashine. Hatagusa mwingine."

Ngailo akaegesha bisibisi, akafumba macho kama mchungaji anayeombea mgonjwa. "Pampu inalia njaa. Mafuta hayapiti." Akafungua kikombe cha chujio, akakuta kimesokomezwa tambara. Akalitoa, akaweka chujio jipya. Mshale ukapanda hadi tano, naye akapandisha mabega. Moto ukawaka, ukazimika.

"Hebu pisha," akasema Luvanda. "Huoni mshale unatetemeka? Inavuta hewa." Akaufuata mrija hadi kwenye pipa, akakuta kiungio kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nao umepasuka. Akaukata, akafunga nati. Mshale ukatulia kwenye saba. Moto ukawaka, ukatoa moshi, ukazimika.

Kilasi muda wote alikuwa akichokonoa meno. "Mmemaliza kucheza?" Akashika mhimili wa pampu, akauzungusha kwa vidole viwili. Kile kipande cha plastiki kinachounganisha mota na pampu kilikuwa kimelika meno, kinateleza. Alipoweka kingine mshale ukaruka hadi kumi na nne, maana skrubu ya presha ilikuwa imekazwa hadi mwisho. Akailegeza, mshale ukasimama kwenye kumi. Moto ukawaka, ukakaa.

Mnadhani walishukuru Mungu? Wakaanza kugombana kama kunguru jalalani.

"Bila sikio langu mngeanzia wapi?"

"Bila jicho langu mngevuta hewa mpaka kesho!"

"Na nani aliuwasha ukakaa? Mama, leta ufunguo."

Enelika alikuwa akitoa vifaranga waliokufa na kuwaweka kwenye ndoo. Walifika themanini. Hakuinua kichwa.

"Tambara nani aliliweka?"

Kilasi akatazama viatu vyake. "Dukani machujio yaliisha, mama."

"Na tyubu?"

"Ilikuwa ya muda tu," akasema Ngailo. Muda tu, mwaka mzima!

"Na skrubu?"

"Sasa mama, geji ikishuka si unakaza?" akajibu Luvanda, wala hakuwa akitania.

Ndivyo walivyo. Geji ikishuka wanakaza. Kwa nini imeshuka, hilo si lao. Kila mmoja alitibu ugonjwa aliouleta mwenzake, kisha akadai zawadi ya uganga. Wananichefua, nasema wazi.

Lakini ahadi ni deni, na kata nzima haina fundi wa nne. Vifaranga wana wiki tatu zaidi za kuhitaji moto. Mikono mitatu myeusi kwa dizeli imenyooshwa mbele ya Enelika, na ufunguo ni mmoja. Ampe aliyesikia, aliyeona au aliyeshika? Au aufungie mfukoni, na moto ukizimika tena ahesabu ndoo?

Mimi yangu nimeyatua hapo. Ninyi mliokuwa mkiwacheka, ufunguo nauweka mikononi mwenu. Je, wewe ungempa nani? Jibu upesi, kifaranga hajui kungoja kikao.