Nungunungu Aliyengoja Mzuka

Paukwa! Mbona mnaitikia kwa uvivu hivyo, ugali umewalemea? Rudieni. Paukwa! Pakawa! Haya, sasa najua mko hai.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama wakiwa bado wanasalimiana, alikuwepo nungunungu mmoja akiitwa Madaha. Kazi yake ilikuwa utunzi. Ametunga nini? Hakuna. Lakini siku hizo watu waliandika kwa miiba ya nungunungu, na mgongo wa Madaha ulijaa miiba mia. Basi akipita njiani anaitikisa, charr, charr, ili kila mtu ajue mtunzi anapita. Alikuwa akijisifu kwamba wenzake wanaomba kalamu, yeye amezaliwa nazo. Na watu walimwamkia kwa heshima, wajinga wale.

Madaha alimpenda Siwema, nungunungu mwenzake, akampenda kwelikweli. Sasa kwao Siwema hawapokei mahari ya mbuzi wala ya majembe. Mchumba anakuja siku ya kupukuchua mahindi, anasimama mbele ya wakwe, anasimulia hadithi mpya ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Akiweza, anaoa. Akishindwa, anakula, ananawa, anakwenda zake. Madaha aliposikia hivyo akacheka, akasema mahindi yenyewe ndiyo kwanza yanapandwa.

Akaenda kwa Kasuku kuuliza hadithi hutoka wapi. Kasuku akamwambia mtunzi lazima awe na kigoda chake mwenyewe, kinachoelekea mto. Madaha akachonga kigoda mwezi mzima, akakaa, akautazama mto. Mto ukapita. Siwema akaja na kibuyu cha uji, akamweleza kwamba jogoo wa jirani amenuna, hali wala hanywi, kwa sababu jua lilichomoza yeye akiwa bado amelala.

"Hayo mambo ya uani," Madaha akasema. "Usinivuruge. Mzuka haujapanda."

Akaenda kwa Kinyonga. Kinyonga akamwambia kigoda bila vazi ni bure. Mtunzi huvaa kofia iliyolalia sikio moja, hunywa kahawa chungu, na hutazama mbali, jicho moja huku, jicho moja kule. Madaha akavaa, akanywa, akatazama mpaka macho yakamvimba. Siwema akaja na uji, akamweleza habari za bibi mmoja wa ng'ambo aliyegombana na mwangwi bondeni. Siku ya tatu hiyo bibi anapiga kelele, amekataa katakata mwenzake aseme neno la mwisho.

"Mambo ya uani," Madaha akasema. "Mzuka haujapanda."

Akaenda kwa Beberu, mwenye ndevu zake. Beberu akamwambia hakuna hadithi bila uchungu. Maskini Madaha, uchungu hakuwa nao, maisha yake yalikuwa matamu tu. Ikabidi autafute. Akasimama mvuani makusudi. Akalala na njaa na chakula kipo. Akaenda kumgombeza mama yake mzazi, ambaye hakumkosea chochote, ili tu apate cha kujutia. Alichopata ni mafua.

Hebu ngojeni. Ninyi mngewauliza wale watatu wametunga hadithi ngapi? Madaha hakuuliza.

Safari hii Siwema alileta chai ya tangawizi, na habari hakuleta. "Madaha, mahindi yamekauka," akasema. "Unanitaka au hunitaka?"

"Nakutaka mno," Madaha akajibu, kamasi zinamtiririka. "Ila mzuka..."

"Haujapanda," Siwema akamalizia. Akaondoka na machozi yake.

Siku ikafika. Wakwe wameketi, mahindi yamerundikwa, Madaha huyo anaingia, kigoda kichwani, kofia juu ya kigoda. Akakiweka, akavaa kofia yake, akajitikisa, charr, charr. Akasema, "Hapo zamani za kale." Akanyamaza. Akarudia, "Hapo zamani za kale." Mara ya tatu sauti ikamkauka kabisa. Akavua kofia, akaiweka chini, akainama, akawaambia wakwe mzuka haujapanda.

Mama yake Siwema, Bi Mkunde, akaguna. Ndipo Siwema, gunzi bado li mkononi, akasema, "Mama, mimi ninayo."

Akasimulia habari za mtu mmoja mwenye majembe mia ambaye hakuwahi kulima hata tuta. Mtu huyo akazunguka dunia nzima kuuliza mavuno hutoka wapi. Akamkuta jogoo aliyelinunia jua, hakusimama. Akamkuta bibi anayegombana na mwangwi, hakusimama. Akachonga kigoda cha kulitazamia shamba, akavaa kofia ya mavuno, akafunga kula ili shamba limwonee huruma. Wakwe walicheka mpaka magunzi yakawadondoka. Na aliyecheka kuliko wote ni Madaha. Alijipigapiga mapaja, akafuta machozi.

"Mjinga gani huyo!" akasema. "Si angelima tu?"

Wote wakamgeukia. Wakamtazama yeye, wakakitazama kigoda, wakaitazama kofia. Taratibu kicheko kikamwishia Madaha mdomoni.

"Umeitoa wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa nakuletea uji," Siwema akajibu.

Bi Mkunde akasema hadithi ni mpya, na aliyeitoa ndiye aamue. Siwema akasema haolewi. Ila aliomba kitu kimoja.

"Nipe mwiba mmoja, Madaha. Unayo mia, na hakuna hata mmoja ulioutumia."

Akageuka, ukang'olewa. Loo, aliumia! Aliumia mgongo, akaumia moyo, uchungu ule ule alioutafuta mvuani sasa umekuja wenyewe. Madaha akakibeba kigoda, akatimka mbio mpaka mtoni, akakaa. Maneno yamemjaa kifuani. Akapeleka mkono kichwani, akakuta kofia ameisahau ukweni.

Bila kofia, nani atatunga? Akakaa kungoja mtu amletee.

Hadithi yangu naiachia hapo. Mwenye kungoja mzuka aende mtoni, asogezewe nafasi kigodani.